Waziri na Mstari wa Tarehe

Jumamosi, 4 Novemba 2023

Mvua tangu alfajiri. Siku ya nane mfululizo. Chovae yote tope, na kuku wameingia jikoni bila hodi.

Leo nimegundua jambo kubwa. Naliandika hapa kwa kuwa hapa tu ndipo pa kuaminika. Mke wangu Mwanaharusi halisomi daftari hili. Natumai.

Kwanza niweke mambo sawa, ili siku nikiondoka duniani watu wajue nilikuwa nani. Mimi ni Mukhtari, karani wa mizani wa chama chetu cha wafugaji hapa kisiwani. Nilichaguliwa kwa kauli moja, maana ni mimi peke yangu mwenye kompyuta, na ni mimi peke yangu niliyeitaka kazi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, napima vitoto vya mbuzi, naandika kilo kwenye jedwali, na kompyuta yenyewe inachora grafu. Kilo zinapanda kwenda juu, tarehe zinatembea chini kutoka kushoto kwenda kulia. Kila mbuzi na grafu yake. Picha za grafu nazituma Kismayu kwa Wafaa, daktari wa mifugo. Mwezi ujao Wafaa atachagua beberu mmoja tu, aliyekua vizuri kuliko wenzake, awe beberu wa mbegu wa kisiwa kizima.

Wengine wote watahasiwa.

Wagombea ni wengi, lakini wa kweli ni wawili. Yuko Waziri, wangu: mweupe, shingo nyeusi, mwendo wa heshima, macho ya mtu aliyesoma. Na yuko Mkuku wa shemeji yangu Zakir, kaka yake Mwanaharusi. Zakir ni fundi wa mashua. Hata mbuzi kampa jina la ule ubao mkubwa wa chini unaobeba mashua nzima. Mchu, kama tunavyomwita mtu huku, hana ndoto.

Tatizo ni tarehe. Mwezi wa Septemba nilikwenda Ras Kamboni harusini kwa binamu yangu, siku tatu. Nikakaa wiki tano. Pilau ilikuwa nzuri na hakuna aliyenifukuza. Mwanaharusi akashika mizani kwa niaba yangu, akapima mbuzi wa kisiwa kizima isipokuwa wangu. Alisema Waziri hakuachiwa maagizo. Kwa hiyo Mkuku ana vipimo vitano, Waziri ana vitatu: tarehe 2 Septemba kilo tano, tarehe 16 kilo sita na pointi moja, kisha kimya cha wiki sita, tarehe 28 Oktoba kilo nane na pointi tisa. Na kwenye grafu, zile wiki sita zinaulaza mstari wa Waziri kama mgonjwa kitandani.

Leo kidole kikateleza. Nikabonyeza mahali sijui wapi kwenye mstari wa tarehe, likafunguka dirisha likaniuliza: mstari huu ni wa tarehe au wa maandishi? Nikajibu maandishi, ili mradi nijibu. Kompyuta ikasahau siku zote. Tarehe zangu tatu zikasimama kwa nafasi sawasawa, kama ndoo kwenye foleni ya kisima. Wiki sita zikawa hatua moja. Na mstari wa Waziri ukapanda juu kama mwewe!

Hakuna uongo hapo. Kilo ni zile zile. Tarehe ni zile zile. Nimesogeza hewa tu iliyokuwa katikati.

Bado tarehe zilikuwa zinasomeka, na Wafaa anajua kuhesabu. Nikatafuta tena. Kumbe kompyuta inaweza kuambiwa ionyeshe jina la siku peke yake. Sasa chini ya grafu pameandikwa: Jumamosi, Jumamosi, Jumamosi.

Nani atabisha? Zote zilikuwa Jumamosi.

Jumapili, 5 Novemba

Mvua. Nimemshughulikia Mkuku.

Sina chuki naye. Ni kitoto cha mbuzi, hana kosa. Lakini haki haijatimia ikiwa mmoja amepandishwa na mwenzake hajashushwa. Fikra yangu ilikuwa hii: nikiuanzisha mstari wa tarehe mbali huko, tangu Januari, Mkuku ataonekana mdogo, kasukumwa pembeni.

Nikaanzisha Januari. Kweli kasukumwa pembeni. Lakini kule pembeni mstari wake umebanwa, na kwa kubanwa umesimama wima kama ukuta wa ngome. Ukiutazama utaapa Mkuku aliongezeka kilo sita baina ya adhuhuri na alasiri.

Nikadhani sijarudi nyuma vya kutosha. Nikaandika mwaka 2015. Mstari ukasimama kabisa, kama sindano.

Mwanaharusi akapita na sinia la mchele, akainama, akauliza huyo mbuzi wa ajabu ni wa nani. Nikafunga kompyuta. Kidole kilikuwa bado ndani.

Nimemrudisha Mkuku kama alivyokuwa. Kidole kimevimba. Fundisho: ukimvutia adui yako miaka mingi, unamjengea mnara.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimepanda paa la skuli kutuma picha, maana mtandao uko juu ya paa tu, upande wa bahari, ukisimama kwa mguu mmoja. Picha zimekwenda zote kumi na moja. Wakati wa kushuka nilishuka haraka kuliko nilivyokusudia. Nimeanguka juu ya nyavu za watu, alhamdulillahi, lakini sasa nanuka.

Mama mkwe wangu Bimkubwa alikuwa akipita, na Lozi mikononi. Lozi ni jike dogo, rangi ya lozi iliyokaangwa, mamake alikufa siku ya kumzaa. Bimkubwa kamlea kwa chupa, kalala naye chumba kimoja, kampa kanga yake nzuri ajifunike. Mimi ni mkwe wake miaka kumi na tisa na sijawahi kupewa hata leso. Alinitazama nikijitoa kwenye nyavu, akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Akasema basi twende akanipe chai, na nisimwambie Mwanaharusi mambo ya paa, atasema sana.

Ni mama mwema. Lozi alikunywa chai kabla yangu.

Jumatano, 8 Novemba

Jibu kutoka Kismayu. Wafaa anasema Mkuku anakwenda vizuri, hakuna shaka. Lakini aliyemshangaza ni Waziri. Anauliza namlisha nini.

Nikamjibu: mapenzi.

Nimesoma ujumbe wake mara saba. Mara ya nane nilimsomea Waziri mwenyewe. Alikuwa anatafuna kiatu changu lakini alisikia.

Alasiri akaja Zakir. Habari zimeshamfikia, maana kisiwa hiki ukipiga chafya kaskazini unaombewa afya kusini. Akaomba aone grafu. Zakir hajui kompyuta, hata kuiwasha hajui, kwa hiyo nikamwonyesha bila hofu. Hilo lilikuwa kosa. Akatoa penseli yake ya useremala nyuma ya sikio, akaiweka juu ya kioo, akapima kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili. Kisha kutoka ya pili hadi ya tatu. Akauliza ya kwanza na ya pili zimepishana siku ngapi. Nikasema kumi na nne. Akauliza ya pili na ya tatu je. Nikakohoa.

Akasema taratibu, "Shemeji, mie nikizipanga mbavu za mashua hivi, watu watazama."

Nikamweleza kwamba kompyuta si mashua. Akauliza zile wiki za pilau ya Ras Kamboni zimekwenda wapi humu. Nikamweleza ni mambo ya kitaalamu. Akarudisha penseli sikioni, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Hakumwambia mtu. Hilo ndilo linaloniudhi kwa Zakir. Mtu mwingine angenitangaza nikapata kumchukia vizuri.

Jumamosi, 11 Novemba

Siku ya mizani. Mvua imepungua, majani yamejaa kila mahali, bondeni kijani mpaka macho yanauma. Mbuzi wanakula kutwa. Nilitegemea makubwa.

Natundika mizani nyuma ya nyumba yangu, mwenye mbuzi anaingia peke yake, tunasoma sindano sisi wawili. Nilianza na Waziri. Kilo nane na nne. Mara iliyopita nane na tisa. Nikaigonga mizani. Nane na nne. Nikasema ni ile kamba ya shingoni inayoivuruga, nikamvua. Nane na tatu. Nikamvisha tena upesi.

Kashuka. Waziri wangu kashuka nusu kilo.

Nilikuwa bado nimeshika kichwa Zakir alipoingia na Mkuku. Kilo kumi na pointi moja. Mara iliyopita alikuwa kumi na pointi nane. Zakir akaitazama sindano, akalitazama wingu, akanisogelea. Miaka kumi na tisa hajawahi kuniomba fadhila. Leo kaniomba, kwa sauti ya chini, kama inawezekana kipimo cha leo kisionekane Kismayu mpaka kijacho.

Akaja Kaltuma, jirani, na wake wawili. Wote wameshuka. Akasema ni kosa lake, amewabania chakula, akaomba nimsitiri. Akaja mzee Khamis. Wake kashuka. Akasema mbuzi ana huzuni tu, itapita, nisimwaibishe. Wakaja wengine. Kila mmoja ananinong'oneza, kila mmoja anatazama nyuma kwanza. Sijawahi kujiona mtu muhimu hivyo. Siri za kisiwa kizima zimo kifuani mwangu.

Bimkubwa hakuomba kitu. Alimpakata Lozi mwenyewe mpaka kwenye mizani, akaniuliza sindano inasema nini kwa kuwa macho yake hayaoni mbali. Ilisema tano na saba. Zamani sita na sita. Nikamwambia kashuka kidogo, ni mvua. Akambusu Lozi kipajini, akasema basi jua likitoka atapanda.

Jioni nikakaa na kompyuta na huruma nyingi. Nikakuta ule mstari wa tarehe una kisanduku cha mwanzo na kisanduku cha mwisho. Kwenye cha mwisho nikaandika 28 Oktoba. Kipimo cha leo kikaporomoka nje ya picha, kama mtu aliyetembea akapita ukingo wa gati. Kwenye jedwali kimo. Kwenye picha hakimo. Nikafanya hivyo kwa mbuzi wote kumi na moja, mmoja baada ya mwingine, bila kupendelea. Wafaa nikamwandikia kwamba mizani iliingia maji, kipimo cha leo tukisubiri.

Nimelala na moyo safi. Leo nimewafaa watu.

Jumatatu, 13 Novemba

Wafaa kajibu. Anasema anashukuru Mungu kwa Chovae. Vijiji vingine vya pwani mbuzi wameshuka vibaya baada ya mvua, na yeye anakimbizana na boti na dawa. Dawa haitoshi. Lakini kwa kuwa grafu zetu zinaonyesha wetu wazima, sisi atatuweka mwisho, labda katikati ya Desemba.

Nikajivuna kidogo. Nikamsomea Mwanaharusi ile sehemu ya "nashukuru Mungu kwa Chovae". Sehemu nyingine sikuisoma, ilikuwa ndefu.

Mwanaharusi akasema mamake hajatoka nje tangu jana, Lozi hataki chupa. Kisha akanitazama muda mrefu, kama anavyotazama samaki ambaye hana hakika naye kama ni wa leo. Nikatoka nikaenda kukagua ua. Ua uko salama.

Jumanne, 14 Novemba

Asubuhi Mwanaharusi alinitaka twende kwa mamake. Lozi amelala juu ya ile kanga, hainui shingo. Chini ya taya ana uvimbe laini, kama mfuko wa maji. Bimkubwa amekaa sakafuni, chupa ya maziwa mkononi imepoa. Alikuwa anamsomea dua polepole. Hakulia. Ningependa angelia.

Mwanaharusi akaniuliza Lozi alikuwa na kilo ngapi Jumamosi. Nikasema nitatazama kwenye kompyuta. Akasema, "Mukhtari. Ulimpima wewe. Ilikuwa ngapi?"

Nikasema tano na saba. Akauliza na kabla yake. Nikasema sita na sita. Bimkubwa akaninyanyulia uso. Nilimwambia kidogo, na hiyo si kidogo, kwa kitoto cha mbuzi ni kama mimi kupoteza mguu.

Nikarudi nyumbani mbio. Nikafungua grafu ya Lozi, nikafuta 28 Oktoba kwenye kisanduku, nikaandika tarehe ya leo. Mstari ukavunjika ukaanguka. Nikafungua ya Waziri, nikaurudisha mstari kuwa wa tarehe, na siku zake zote zikarudi. Ukaanguka. Nikafungua ya Mkuku. Ya wale wawili wa Kaltuma. Ya Khamis. Zote kumi na moja nikazipanga kwenye kioo, ndogo ndogo, tarehe zikiwa mahali pake. Zote zimevunjika mahali pamoja. Baada ya 28 Oktoba, wiki ileile, kama zimekatwa kwa msumeno mmoja.

Haikuwa kosa la Kaltuma. Haikuwa huzuni ya mbuzi wa Khamis. Kila mtu alidhani ni wake peke yake, na mtu mmoja tu ndiye aliyewaona wote. Mtu huyo alikuwa anakata picha.

Nilikwenda kwa Zakir, pale anapotengenezea mashua. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, nilipofika yalikuwa yamekwisha. Nikamwonyesha kioo tu. Hakutoa penseli safari hii. Alitazama, akaelewa, akaweka chini randa yake. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Mie pia nilikuomba ufiche. Twende juu ya paa."

Tukapanda wote wawili. Yeye alinishika mkanda, mimi nikasimama kwa mguu mmoja. Nikatuma grafu za kweli, kisha nikampigia Wafaa, nikamwambia kila kitu: wiki sita, Jumamosi tatu, kisanduku cha mwisho. Akaniambia nishuke nikamtazame Lozi, nilivute kope la chini la jicho lake nimwambie lina rangi gani.

Tulishuka, tukamtazama, tukapanda tena. Nikamwambia jeupe. Kama karatasi.

Akasema ni minyoo. Wanakunywa damu. Wanakuja na majani ya mvua. Akasema kesho alfajiri anapanda boti.

Jumatano, 15 Novemba

Wafaa kafika kabla ya adhuhuri, kalowa mpaka kiunoni, sanduku la dawa kalibeba kichwani mwenyewe. Ni binti mdogo, nilimkumbuka mrefu zaidi. Hakuomba chai. Alikwenda moja kwa moja kwa Lozi, akamnywesha dawa kwa bomba lisilo na sindano, pole pole, kando ya ulimi, akamwekea na dawa ya kuongeza damu. Akamwambia Bimkubwa ukweli: huenda akapona, huenda asipone, kesho kutwa tutajua.

Kisha akawanywesha wote. Kila mbuzi alilivuta kope akatuonyesha sote, watu wakasogea kutazama. Meupe, meupe, ya waridi kidogo, meupe. Kaltuma alipoona ya mbuzi wa Khamis ni kama ya wake, akacheka na kujifuta macho kwa pamoja. Akasema wiki nzima alikuwa anajilaumu. Khamis naye akasema hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Wafaa alipomaliza akaniita kando. Nilijiandaa kwa ukali. Hakuwa mkali.

"Ami Mukhtari," akasema, "mimi niko Kismayu. Mbuzi siwaoni. Naona mistari yako tu. Ukinisogezea siku, umenifumba macho."

Nikasema nimefahamu. Nilisema kweli. Kwa muda ule nilifahamu vizuri sana.

Akasema uchaguzi wa beberu umeahirishwa. Vipimo vya nyuma haviwezi kuhukumu mtu. Tunaanza upya tarehe 25, na ataamua mwisho wa Januari. Na mbuzi wasipelekwe bondeni asubuhi majani yakiwa na umande; walishwe huku juu penye ukavu mpaka jua lipande.

Nilidhani yamekwisha. Bimkubwa akaniita. Alikuwa bado sakafuni na Lozi mapajani. Akanikalisha karibu yake, akanishika mkono, huo wenye kidole kilichovimba.

"Mwanangu, we mchu mzima. Niapie hutazichezea tena tarehe."

Nikaapa. Mwanaharusi shahidi, Zakir shahidi, Wafaa shahidi na maji bado yanamdondoka. Niliapa kwa moyo wangu wote, na machozi yalinitoka, na sioni haya kuyaandika.

Ijumaa, 17 Novemba

Lozi kala kona ya daftari hili.

Nilikwenda kuwaamkia, nikaliweka chini kidogo nipokee kahawa, nikasikia sauti ya karatasi. Alikuwa amesimama kwa miguu yake minne, inatetemeka kama ya meza mbovu, anatafuna kipande cha siku ya Jumapili ile nilipomjengea Mkuku mnara. Bimkubwa akapiga mikono kwa furaha, akaniomba nimwachie amalize. Nikamwachia kona zote za ukurasa. Jalada nilikataa.

Tulikunywa kahawa sote watatu. Bimkubwa hakutaja habari yoyote ya grafu. Nilipoaga alinipa leso, mpya, iliyokunjwa. Akasema ni ya kujifutia nikianguka tena kwenye nyavu. Nimeiweka chini ya mto.

Baada ya swala ya Ijumaa Zakir akaja na kitu mgongoni. Kachonga fremu ya kutundikia mizani, kwa mabaki ya mbao za mashua, na kitanda cha turubai cha kumlaza mbuzi asichezecheze. Kazi safi kabisa, hata misumari haionekani. Akasema mizani yangu ya kwenye mti ilikuwa inayumba. Nikasema ahsante. Akasema si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mbuzi. Tukasimama kidogo tukiitazama. Nikampa maji ya kunywa kabla hajaomba.

Waziri anakula tena. Makope yake yameanza kuwa ya waridi. Namtazama kila saa, mpaka kachoka, nikimkaribia sasa anafumba macho mwenyewe.

Jumamosi, 25 Novemba

Siku ya mizani, mwanzo mpya. Jua. Fremu ya Zakir haikuyumba hata unywele. Tulipima mbele za watu, sindano kila mtu anaiona, na namba zilisomwa kwa sauti. Wote wamepanda. Mkuku kumi na moja na mbili. Waziri kilo tisa kamili. Watu walifurahi, Khamis akapiga makofi kwa mbuzi wa Kaltuma. Nami nilipiga makofi kwa Mkuku, mara mbili, mara ya pili kwa hiari.

Tarehe sijazigusa. Naandika hapa wazi. Mstari wa chini uko kama Mungu alivyoziumba siku, moja baada ya moja, na pengo la Ras Kamboni linaonekana kutoka mbali. Mimi ni mtu wa kiapo.

Alasiri nilimpelekea Bimkubwa grafu ya Lozi aione. Lozi amefika sita na mbili. Bimkubwa akakisogelea kioo karibu mpaka pua ikagusa, akautafuta mstari kwa kidole. Kweli unapanda, lakini kwa picha ile ni kinundu tu, huwezi kukiona bila kuambiwa. Akaniuliza kama hiyo ndiyo yote. Akasema si neno. Lakini niliona uso wake, yeye aliyekesha na chupa na dua kwa zile gramu mia tano.

Moyo ukaniuma. Nikakaa pale pale nikabonyeza huku na huku, chini sikugusa, nikabonyeza pembeni, kwenye ule mstari uliosimama wenye kilo. Sikuwahi kuujali. Kumbe nao una visanduku. Ulikuwa unaanzia sifuri. Nikauambia uanzie tano na nusu.

Lozi akapaa. Alishuka bondeni, akageuka, akapanda mlima mpaka karibu na dari ya picha. Bimkubwa akaita majirani. Kaltuma kaja, Khamis kaja na fimbo yake, Bimkubwa akawaonyesha kwa kidole, hapa aliumwa, hapa alipona, tazameni alivyopona. Anataka ichapishwe Kismayu ining'inizwe ukutani. Sijamwona akicheka hivyo tangu harusi yetu.

Na ni kweli tupu. Kilo ni zile zile, tarehe ni zile zile. Nilichosogeza ni sakafu tu.

Nimerudi nyumbani nikifikiri. Kuapishwa, niliapishwa tarehe tu. Wafaa kataja siku, Bimkubwa kataja tarehe, mashahidi wote watatu walisikia tarehe. Kilo hakuna aliyezitaja, na si haki kumfanyia Lozi peke yake. Waziri naye aliumwa.

Nimemwanzishia nane na tatu. Anapendeza sana.